Mguu wa Kushoto Unapumzika

6 Februari

Shangazi yangu,

Kabla ya salamu nina jambo la kukiri, na sijamwambia mtu mwingine yeyote. Juzi, kwenye duka la matrekta, nilimwambia muuzaji kwamba nimetumwa na mume wangu. Sikupanga kusema hivyo. Niliingia nikasimama karibu na mlango, na yule muuzaji, ambaye huweka kalamu nyuma ya sikio, akaniuliza, "Binti, umetumwa na nani?" Ningesema shangazi, angeuliza shangazi yuko wapi, anafanya nini, atarudi lini, na mimi ningesimama pale nikieleza ukoo mzima. Mdomo ukasema "mume." Akaniangalia miguuni, nilikuwa nimevaa viatu vya shule, kisha akasema, "Haya, mama, karibu." Ndivyo nilivyoolewa.

Sasa salamu. Hatujambo. Baba bado yuko mjini na karakana yake ya mbao, na Mama na wadogo zangu wako naye. Huku anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mimi niko kwenye nyumba ya Babu tangu nilipomaliza mtihani, kama mlivyokubaliana, ili nyumba isikae bila moshi. Asubuhi nafungua madirisha, jioni nayafunga. Sufuria ndogo zote zilikwenda mjini, imebaki ile kubwa ya shughuli, kwa hiyo chakula changu kinakaa chini kabisa kama kimetumbukia kisimani. Wenzangu wa shule wametawanyika. Wiki iliyopita nilijikuta nikimwambia mtu "samahani" kwa kumpita mlangoni, na hapakuwa na mtu.

Kuhusu trekta. Uliandika kwamba fedha uliyomwekea Baba inatosha, na kwamba mimi ndiye nichague, kwa kuwa niko hapa na nina subira ya kusoma maandishi madogo. Baba anadhani unatania. Mimi nimelishika neno lako. Lakini muuzaji ana maswali mengi. Ni kwa ajili ya kufyeka tu, au kulima pia? Nani ataliendesha? Nijibu kwa barua. Kwenye simu huwa nabaki na "ndiyo" na "sawa" tu, unanijua.

Mtoto wa kaka yako


2 Machi

Kimya wangu,

Nimecheka mpaka wenzangu chumbani wakadhani nimetumiwa pesa. Nisalimie mume wako. Mwambie mahari hatujaiona.

Mimi mzima kama kigingi. Bado niko kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, nakanyaga pedali kutwa, mashuka ya hoteli ambamo sitalala maisha yangu yote. Jioni napanda ghorofa tatu hadi kitandani. Tuko wanne chumbani na kila mmoja anakoroma kwa lugha ya kwao. Mwambie baba yako nimepata sweta alilonitumia, mikono ni mifupi, amesahau kwamba nilikua.

Sasa sikiliza. Usinunue kubwa. Kubwa linataka dereva, dogo linataka mwenyewe. Nataka lifyeke kwanza, lile pori lote, halafu linilimie ekari moja ya mboga, na mbele liwe na koleo la kubebea mbolea. Liwe na gia na klachi, kama lile alilonifundishia Babu yako nilipokuwa na umri wako. Wanaume walikaa juu ya ukuta kunisubiri nianguke. Walikaa mpaka wakachoka, wakaenda zao.

Nani ataliendesha? Mwambie muuzaji ni mimi. Mkataba unaisha Desemba, narudi, na safari hii sirudi tena huku. Tutakaa wawili. Kupika ni wewe, kwa maana chakula changu unakijua.

Pima nafasi kati ya michungwa kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi yangu,

Nakusalimu. Baba anasema mikono ya sweta si mifupi, ni wewe unayenyoosha mikono sana. Wadogo zangu wazima. Mdogo kabisa ameng'oka jino, amelituma huku kupitia kwa Baba nilihifadhi kwa sababu kule mjini linaweza kuibwa.

Barua hii ingeandikwa wiki iliyopita, ila nilikuwa nime... hapana. Naikumbuka sheria ya ukoo wetu, ugonjwa hausafirishwi kwa posta. Baba alinisimulia tena asili yake. Ile barua ya kwamba kaka yake Babu yuko hoi, ilivyochukua miezi miwili kufika, Bibi akalia siku tatu, na siku ya nne mgonjwa mwenyewe akabisha hodi akiwa amenenepa, Bibi akazimia. Kwa hiyo mimi sijambo.

Nimepima. Nilifunga mafundo kwenye kamba, fundo kila mita, nikapita mistari yote ya michungwa. Pembamba kabisa ni mita mbili na nusu, karibu na tangi la maji. Pori nalo ni ekari tatu kamili, nyasi za kunipita kichwa na miti iliyoota yenyewe. Muuzaji ameniambia, "Mama, mti mnene kuliko kifundo cha mkono usiliachie trekta dogo. Ukate kwa msumeno, king'oe kisiki au ukiwekee alama, halafu trekta limalizie nyasi. Kifyekeo kikigonga kisiki, utalia wewe na mume wako." Nilimwambia mume wangu halii ovyo. Akasema, "Mbona yeye haji kuangalia?" Nikasema yuko safarini. Akasema, "Waume wote wa wateja wangu wako safarini."

Kwa hiyo kila asubuhi nakata. Nafunga kitambaa chekundu kwenye kila kisiki. Mpaka sasa ni thelathini na nne. Nikifika jioni nikiwa kimya tangu alfajiri, sauti yangu inatoka nzito, kama ya mtu mwingine.

Kuna shida moja. Baba amepata trekta la mkandarasi anayestaafu. Ni la zamani, gurudumu la nyuma linanifika kichwani. Anasema, "Hilo ndilo trekta, hayo mengine ni midoli." Nilimwambia halitapita kati ya michungwa. Akasema tutakata mstari mmoja. Wewe unajua Babu aliupanda mstari gani na nani alikuwa akimwagilia.

Andika upesi.

Mtoto wa kaka yako


30 Mei

Kimya wangu,

Salamu kwa wote. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Nimebadilishwa kitengo. Siko tena kwenye pasi, sasa nakaa mezani nakagua foronya zilizochanika. Kazi ya mabosi, nakaa kutwa. Nimehama chumba pia, niko chini, karibu na lango. Kule juu walikuwa na kelele. Huku niko na mwanamke mmoja tu, hazungumzi lugha yoyote ninayoijua, tunasalimiana kwa nyusi.

Nimelifikiria lile trekta. Achana na la klachi. Siku hizi nasikia yapo ya kukanyaga pedali moja tu, lenyewe likaenda, ukiachia likasimama. Uliza. Angalia na kidato cha kupandia kisiwe juu. Ni kwa ajili yako nasema, wewe mfupi.

Mstari wa michungwa usikatwe.

Shangazi


18 Juni

Shangazi yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima wote. Mama amekutumia neno, anasema foronya zake pia zimechanika, uje uzikague.

Nimezisoma barua zako zote kwa kuzipanga mezani moja baada ya nyingine. Nyumba ikiwa kimya mtu anasoma vizuri. Sina swali.

Nimelijaribu hilo la pedali moja. Muuzaji alinipandisha, akasimama kando akiwa ameshika kofia yake kama yuko msibani. Pedali ni ya mguu wa kulia. Ukikanyaga kwa vidole linakwenda mbele, ukikanyaga kwa kisigino linarudi nyuma, ukiondoa mguu linasimama. Breki nayo iko huko huko kulia. Kifyekeo unakiwasha kwa mkono, kuna kitufe unavuta. Nikamwuliza, "Na mguu wa kushoto unafanya nini?" Akasema, "Unapumzika, mama. Huo ni mgeni wa heshima."

Kidato ni sentimita arobaini kutoka chini. Nilipima mara mbili. Kuna chuma cha kushika pande zote, na ukimwomba fundi wao anaweza kuunga kidato kingine chini yake. Nguvu zake ni farasi ishirini na tano, magurudumu yote manne yanavuta. Upana wake ni mita moja na robo, na kifyekeo mita moja na nusu, kwa hiyo kwenye tangi la maji linapita bila kugusa jani.

Nilijaribu na lile lenye klachi pia, ili nisiseme kitu nisichokijua. Siku ya kwanza lilinizimikia mara nne. Nilirudi Jumanne, nikarudi na Ijumaa. Sasa naweza kulizungusha uwanja mzima na kubadilisha gia bila lori lolote kupiga honi barabarani kwa huruma. Muuzaji alisema, "Mwambie mume wako abaki huko huko safarini."

Baba anataka tuamue kabla ya mwisho wa Agosti, mkandarasi ana mteja mwingine. Mimi nasubiri neno lako tu. Visiki vimefika mia moja na kumi na mbili. Kitambaa chekundu kimeisha, sasa naendelea na sare yangu ya shule.

Desemba si mbali.

Mtoto wa kaka yako


21 Julai

Kimya wangu,

Salamu.

Nimesoma barua yako. Umefanya kazi nzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtuma kitu. Lakini nimebadili nia. Hapa wanasema mkataba unaweza kuongezwa mwaka, labda miwili. Kazi ya kukaa haichoshi. Mwache baba yako anunue lile lake kubwa, aweke dereva, alime anavyotaka. Fedha ni ya wote.

Shamba linataka mtu mwenye nguvu zake. Na wewe umemaliza shule juzi. Una miaka kumi na minane, sitaki uamke siku moja ukute umekuwa mlinzi wa mtu. Rudi mjini kwa wenzako.

Ule mstari nilioukata hapo juu hauna maana, kalamu iliteleza.

Michungwa ni miti tu.

Shangazi


19 Agosti

Shangazi yangu,

Nakusalimu, na nasema mapema kwamba sote huku ni wazima, na kwamba katika barua hii hakuna ugonjwa wa mtu yeyote. Nimeandika habari za trekta tu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Baba alikuja Jumamosi, siku si yake, akanichukua twende kwa mkandarasi. Sikumwonyesha barua. Ilikuwa ndani ya mfuko wa sketi yangu, na kila nilipokaa ililia kama gazeti.

Uani kwa mkandarasi walikuwapo wanaume kama saba, wengine mafundi, wengine wamekuja kuangalia tu. Wanaume wa kukaa ukutani hawajaisha, Shangazi. Baba alilizunguka trekta akalipiga gurudumu kwa kiganja, akasema, "Binti yangu ndiye anayekaa shambani. Panda, mama, wakuone."

Nikapanda. Unajua ninavyojisikia watu wakiniangalia. Shuleni nilikuwa naacha kunyoosha mkono hata nikiwa na jibu. Niliwasha. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, na mguu wangu wa kushoto ukajua kabisa la kufanya, kwa sababu nilikuwa nimeufundisha. Niliusikia ukinisubiri niuambie.

Nikaiachia klachi ghafla. Trekta likaruka kama mbuzi, likazima.

Mmoja akasema, "Taratibu, bibi, si baiskeli hiyo." Nikawasha tena, nikafanya vile vile. Wakacheka. Mara ya tatu lilisogea mbele likagonga pipa la maji, na pale hata Baba alicheka, halafu akaacha. Mkandarasi akasema, "Mzee, huyu mtafutie cherehani." Uso wangu ulikuwa wa moto hadi masikioni. Sikuigiza hilo.

Baba akaja karibu na usukani akasema polepole, "Basi, shuka. Tutaweka dereva."

Nikamwambia, "Dereva atakaa na nani kule?"

Akageuka kuwatazama mafundi.

Nikasema, "Baba, kule niko peke yangu tangu Desemba. Nimekata miti mia moja na hamsini kwa msumeno. Sijawahi kukuomba kitu. Hii klachi siiwezi na sitaiweza. Kuna trekta dogo la pedali moja, hata mtoto analiendesha, linapita kati ya michungwa yote. Nataka hilo. Na fedha ni ya Shangazi, na Shangazi alisema nichague mimi."

Sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, tena juu ya kiti kirefu, mbele ya watu. Wale wanaume waliacha kucheka, si kwa heshima, nadhani waliona aibu kusikiliza mambo ya nyumbani kwetu. Baba alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Miti mia moja na hamsini?" Nikasema ndiyo. Akanipa mkono nishuke.

Trekta dogo lililetwa jana. Muuzaji alikuja nalo mwenyewe juu ya gari, na alipomwona Baba akamwambia, "Afadhali umerudi salama, bwana, mke wako amehangaika sana." Baba alinitazama. Nilikwenda kuchota maji ya wageni, nikakawia kisimani.

Leo asubuhi nimefyeka kuanzia kwenye lango. Nyasi zinalala upande mmoja na nyuma yako unabaki uwanja, unauona ukigeuka. Vitambaa vyote nimevikuta na kuvizunguka, isipokuwa kimoja. Kifyekeo ni kizima. Kufika saa sita niliona nyumba yetu kutoka barabarani, na sikuwahi kuiona kutoka hapo tangu nije. Inaonekana ndogo kuliko ilivyo ndani. Mguu wa kushoto niliuweka tu pale sakafuni, na saa zote nne haukuitwa hata mara moja.

Sikubali Desemba yako isogezwe. Mwaka wa kukagua foronya, kisha mwingine, halafu nini? Umesema hutaki niwe mlinzi wa mtu. Sasa hivi mimi ni mlinzi wa madirisha, Shangazi. Nafungua, nafunga. Mtu ni afadhali.

Kitanda chako nimekihamishia chumba cha mbele, kile kisicho na ngazi. Mlango wa nje nimeujengea mteremko wa saruji badala ya vile vidato viwili, Baba alidhani ni kwa ajili ya toroli la mbolea na mimi sikumsahihisha. Fundi wa duka ameunga kile kidato cha chini cha trekta. Nilimwambia mume wangu ni mfupi.

Ukija, utawakuta wote wakiisimulia habari ya pipa la maji. Mama anaijua, wadogo zangu wanaiigiza wakiruka juu ya kochi, na Baba ameshaizoea, akiisimulia anasema nilizima trekta mara tano. Watakwambia lile la pedali moja lilinunuliwa kwa sababu yangu, kwa kuwa mimi niliogopa klachi. Usinitetee. Cheka na wao, hata ukiweza niite jina baya. Hakuna atakayekuangalia wewe miguuni muda wote watakapokuwa wakinicheka mimi.

Nakuomba, usimwambie Baba wala mtu mwingine kwamba klachi naiweza. Barua hii ukishaisoma ichome, au imeze. Mimi yako ya Julai nimeshaitia jikoni, pamoja na ule mstari uliokatwa, ambao niliusoma nikiuinua dirishani, na sitamwambia mtu.

Mtoto wa kaka yako